Herufi za Birika la Shaba

Jumanne, 17 Oktoba

Daktari kasema presha imepanda. Uwe, mume wangu, kasema ni mdomo – ati ningesema kidogo, damu ingetulia. Daftari hili kanunua yeye mwenyewe. "Sema humo," kaniambia, "mie nina vitunguu vya kukata." Mume huyo! Miaka thelathini na mbili tunaendesha hoteli hii pamoja, na bado anadhani nitanyamaza.

Basi nasema. Leo siku kubwa. Rieke kamaliza herufi!

Rieke ni mpangaji wa chumba namba tatu, huko juu. Ametoka Leipzig, kasomea herufi. Sikujua kama watu wanasomea hiyo, mie niliacha shule darasa la nane nikaingia jikoni. Alikuja mwaka juzi kupiga picha vibao vya zamani. Akaona chetu juu ya mlango, Birika la Shaba, akasimama katikati ya barabara mpaka lori la maziwa likampigia honi. Kibao kile kaandika marehemu baba, mzee Erhard, fundi wa vibao. Siku za wiki serikali ile ya zamani, ya kikomunisti, ilimpa maneno yake ya kuandika, herufi nyoofu nyekundu, zimepangwa kama meno ya bandia. Jumapili akaandika anachopenda: zile za Kijerumani cha kale, nyeusi, nene, kona kona, kama uzio wa makaburini, vijana wengi hawazisomi. Na k yake ina mkia umepinda kwenda juu, kama mdomo wa birika. Rieke aliiona hiyo k, akaomba chumba kwa siku mbili. Huu mwaka wa pili!

Baba aliacha herufi chache tu kwenye kile kibao. Zilizobaki Rieke kazibuni moja moja kwa kalamu ya mdomo mpana, kila moja mara mia, halafu kompyuta. Nikamwambia, mwanangu, weusi wote huo utakumalizia wino. Akasema weusi si kazi – kazi ni ule weupe wa katikati. Sikuelewa, nikamletea supu.

Fonti, yaani herufi hizo zikishaingia kompyuta, inaitwa Birika. Itaanza kuuzwa Januari. Si ya kuandikia kitabu, kasema, ni ya kichwa cha gazeti, lebo ya bia, bango. Herufi za kupaza sauti.

Kuna kitu kingine. Naandika haraka. Mwezi wa tatu alinipa fonti hiyo kwenye flashi nichapishie menyu. "Ya menyu tu, mama Heidrun. Bado haijatoka. Isivuke mlango huu." Na mwezi wa nane nikampa Torsten. Torsten Glauch, mkuu wa zimamoto ya kujitolea hapa kwetu, nimesoma naye. Zimamoto walikuwa wanatimiza miaka mia na thelathini, wanataka bango. Nikamwambia ngoja nikupe kitu mjini hawana! Si kwa ubaya. Kwa majivuno. Bango likapendeza mpaka watu wakalibandua kwenye nguzo wakaenda nalo kwao.

Nimesema. Daftari halina mdomo.


Jumamosi, 21 Oktoba

Naandika kabla sijavua koti.

Tulikwenda mjini kununua sufuria. Kwenye foleni ya kulipa, mbele yetu wanaume wanne, ndevu zimechongwa vizuri, wananukia sabuni. Fulana nyeusi. Mgongoni: Hapa kwetu, kwenu kule. Nikasoma. Nikasoma tena. K tatu. Mikia mitatu ya birika inaniangalia.

Baba yangu mgongoni mwa watu wa Jumamosi!

Tunawaita hivyo. Kila Jumamosi wanaandamana mahali. Mwaka jana walimwandama Demir, yule Mturuki wa kebabu pale stesheni. Hawakumpiga. Hawakuvunja hata kioo. Walikuja tu kila Jumamosi, thelathini, arobaini, wakasimama mbele ya duka mikono nyuma, kimya. Wiki tisa. Ya kumi Demir akafunga, akaenda kwa shemeji yake Hanau. Tulimnunulia maua, wengine wetu. Wengine walinunua ile friji yake.

Uwe kaniuliza mbona nimekuwa mweupe. Nikasema baridi. Dukani humo, jiko la maonyesho linawaka.

Rieke sijamwambia.


Jumatatu, 23 Oktoba

Jumatatu tunafunga, kwa hiyo Torsten hupitia mlango wa jikoni kunywa bia yake. Nikamuuliza ile flashi iko wapi. Kasema kwa Falk. Falk ni mtoto wa kaka yake, mtu wa miaka thelathini na nne, ana karakana ya kuchapa fulana kule kwenye kiwanda cha zamani cha soksi. Ndiye aliyechapa bango la zimamoto, bure.

Nikamwambia nilichokiona mjini. Akakuna shingo. Akasema Falk ana wateja wengi, yeye hawezi kuchunguza mgongo wa kila mtu.

"Ile fonti haikuwa yako ya kugawa, Torsten."

"Wala yako, dada." Akacheka kidogo. "Halafu herufi ni herufi. Alfabeti ina mwenyewe?"

"Hii inaye. Yuko juu anaoga."

Hapo hakucheka. Kaacha bia nusu. Torsten! Toka tumjue hajawahi kuacha nusu.


Jumatano, 25 Oktoba

Rieke kaiona.

Ameingia na stika yenye maneno yale yale kwenye kiganja, kaibandua kituo cha basi, kaibeba wazi hivi kama mtu aliyeokota ndege. Akakaa meza ya dirishani, akatoa kile kioo chake cha kukuzia. Mie nafuta glasi. Glasi moja hiyo hiyo, robo saa.

Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba nakala za majaribio alizitoa tano tu, na kila moja kaiwekea alama yake. Nukta ya i imekatwa kona huku, nyingine kule. Jicho la kawaida halioni. "Wenzangu wote hufanya hivyo. Kesho nikilinganisha nitajua imetoka kwa nani."

Nikasema ni jambo zuri hilo. Nikaenda jikoni nikatia sukari kwenye supu ya dengu.


Alhamisi, 26 Oktoba

Rieke kashuka asubuhi, kala, kaosha sahani yake mwenyewe. Karibu miaka miwili hajawahi kuosha sahani, kwa sababu namkataza. Kaosha, kakausha, karudisha kabatini. Nikajua.

Nikaanza kusema. Nilisema kila kitu, la zimamoto, la bango, majivuno, Torsten, soksi – hata sijui soksi ziliingiaje. Nikalia. Yeye kasimama na kitambaa cha vyombo.

"Nilijua tangu jana, mama. Niliiona hapo hapo mezani. Nilisema kesho ili nikupe nafasi."

Bora angenitukana.

Kasema anaandika kwa wakili Leipzig, Falk aletewe barua aache kuchapa. Nikamwomba aache, hao si watu wa kuandikiwa barua. Kanieleza mambo ya magazeti na lebo za bia tena: zikishajulikana kwa fulana zile, Januari nani atazinunua? Kazi ya miaka miwili. Kibao cha baba nacho – mgeni akipita barabarani atadhani sisi ndio wao. Nikatoka nikakiangalia kibao. Jamani. Ni kweli. Mie mwenyewe nilishtuka.


Ijumaa, 3 Novemba

Saluni kwa Jutta. Barua ya wakili imefika kwa Falk juzi, na jana mji mzima wa Lenzau ulikuwa unajua. Jutta kasema Falk kaisoma mbele ya wateja kwa sauti ya padri, halafu kaikunja kaiweka mfukoni. Hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Jutta. Kasema ametabasamu kama mtu aliyeletewa keki.

Nikauliza Falk atajuaje Rieke anakaa wapi, barua ina anwani ya wakili tu. Jutta kazima kikausha nywele.

"Shoga, nani Lenzau hajui chumba namba tatu? Ulimwonyesha hata msafisha bomba la moshi dirisha la binti."

Kweli. Na mama wa posta. Na yule wa kupima gesi. Nilikuwa nasema: mnaona taa ile? Pale anakaa fundi wa herufi.

Nimemwambia Uwe atie pazia nene namba tatu. Rieke kalitoa. Anataka mwanga wa kuchorea.


Jumamosi, 4 Novemba

Habari njema kwa mara ya kwanza! Amepiga simu mama mmoja, sauti ya kizee, mpole, Bibi Seifert. Anatimiza miaka sabini, anataka ukumbi wetu tarehe 18, Jumamosi, watu sitini, kuanzia saa kumi jioni. Bata bukini, kabichi nyekundu na matonge ya viazi. Tukaongea bata nusu saa. Anajua mapishi! Kaniuliza kama bado tunayo menyu zile nzuri zenye herufi za zamani. Nikasema tunazo.

Uwe keshaagiza bata kumi na watano.


Jumatano, 8 Novemba

Kadi imekuja kwa posta. Bahasha nzuri, karatasi nzito. Jina la Rieke lote, Friederike Pahl, chumba namba 3. Ndani mstari mmoja, kwa herufi zake mwenyewe:

Tunakushukuru kwa kazi nzuri. Tutapita kukushukuru ana kwa ana.

Hakuna jina.

Mie nilishika meza. Yeye kaipeleka kadi kwenye mwanga, kaitazama sana, halafu kasema kitu ambacho bado kinanipa baridi. "Nafasi za kati ya herufi kazipanga vizuri. Huyu mtu anaijua kazi." Nadhani alikuwa anatafuta makosa, apate kuwadharau. Hayapo.

Halafu akaweka kadi mezani, akakalia mikono yake.

Leo kalala chumba namba tano, cha nyuma. Nilitaka kumwambia Jutta. Nikakumbuka. Sikumwambia mtu! Hata mama wa posta kaniuliza kulikoni, nikasema mvua.


Jumatatu, 13 Novemba

Sina pumzi.

Jutta kapita mlango wa jikoni, koti la saluni bado mwilini, nywele za mteja begani. Kuna mtu kaacha karatasi saluni. Kaiweka mezani, katikati ya unga.

Jioni ya Kumbukumbu. Hapa kwetu, kwenu kule. Jumamosi tarehe 18 Novemba, saa kumi. Ukumbi wa Birika la Shaba, Lenzau. Na jina la hoteli halikuandikwa tu. Limepangwa vile vile kama kwenye kibao chetu, na mstari ule baba aliouchora chini yake, na birika dogo pembeni.

Bibi Seifert hayupo. Au yupo, ana kisauti kitamu na anajua kupika bata. Walikodi kama sherehe ya kizee.

Uwe kasoma, kavua aproni, kakaa. Kasema neno moja tu siwezi kuandika. Jutta kasema watu wananong'ona: kumbe Heidrun kajiunga nao? Maana karatasi inaonekana kama nimechapisha mie. Nikasema niulizeni basi! Jutta kasema watu hawaulizi, shoga, watu wanaona.

Nimempigia yule Bibi Seifert. Namba haipo tena.


Jumanne, 14 Novemba

Kaja Torsten. Mlango wa mbele safari hii, kofia mkononi. Kumbe anajua, tena kajua kabla yangu.

Kasema nisikilize kwa utulivu. Watakula, wataimba mbili tatu, watatoa hotuba, wataondoka. Kula ni kula. Watalipa kama watu wengine na kiti hakitavunjika, Falk kampa neno lake. Nikifuta, hawatafanya fujo pia. Watakuja tu. Jumamosi hii, na ijayo, na ijayo. Watasimama hapo nje mikono nyuma.

"Kama kwa Demir," nikasema.

"Sikusema hivyo."

"Na Rieke?"

Akaangalia ngazi za kwenda juu. Akasema binti angekwenda kwao Leipzig wiki hii, akapumzike kidogo, kila mtu angepumua. Nikamuuliza hiyo imetoka kwake au kwa Falk. Akasema, "Heidi, mie nakaa hapa. Wewe unakaa hapa. Yeye anapita." Heidi! Hajaniita hivyo tangu tuko na meno ya utoto.

Baya zaidi ni kwamba nilimwelewa. Kwa dakika nzima nilifikiri: mwache aende, hao wale bata wao, Jumapili nifagie ukumbi. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu.


Alhamisi, 16 Novemba

Uwe kapiga simu polisi. Wamemjibu kwa sauti ya heshima kabisa. Watu sitini kula bata si kosa. Kusimama barabarani si kosa. Gari litapita, likipata nafasi. Uwe kashukuru, kaweka simu, kaanza kunoa visu ambavyo kavinoa jana.

Nimepanda namba tano. Rieke alikuwa anakunja nguo zake, begi wazi kitandani. Si zote. Nikauliza anakwenda? Kasema hajui. Kasema wakiingia ukumbini Jumamosi yeye hatakuwa nyumba hii, na hatarudi. Si kunitisha, kasema – hawezi tu kukaa juu huku chini wanakula chini ya jina lile.

Nikakaa pembeni ya begi. Nikataka kusema maneno mia. Yakatoka matatu. "Mie naogopa, Rieke."

"Na mimi."

"Ninaogopa sana. Naogopa mpaka tumbo."

Akacheka kidogo, machozi hapo hapo. Akasema hata mie nikiwafungulia atanielewa. Afadhali asingesema. Mtu akikuelewa, unabaki peke yako na uamuzi.

Tumbo limeniuma jioni yote. Uwe kaleta chai ya mbegu za bizari. Nikamwambia: hatufungui. Akasema, "Haya." Kisha akauliza bata kumi na watano atawafanya nini.


Ijumaa, 17 Novemba

Kwa kawaida ukumbi ukikodiwa tunatundika mlangoni kile kibao cha "Karamu ya Watu Binafsi". Leo kimebaki nyuma ya kabati. Tunahitaji tangazo jipya.

Uwe kapendekeza: Tumefunga kwa ugonjwa. Kila hoteli huandika hivyo, hakuna anayeudhika. Na si uongo, tumbo ninalo! Nikalipenda. Nilitaka kulikumbatia. Rieke aliendelea kuchonga penseli.

Tukaandika ya pili: Ukumbi haupo tayari. Ya tatu: Kwa sababu zisizozuilika. Kila moja ina mlango wa nyuma. Mwisho Uwe, ambaye hasemi, kasema: "Walidanganya jina. Andikeni hivyo." Basi imekuwa:

Mliokodi ukumbi kwa jina la uongo, humu hamuingii. Heidrun na Uwe Löbel.

Majina mawili. Nilimwambia aweke langu tu, ndilo lililoharibu. Akasema bata ni wake.

Halafu herufi. Rieke kauliza za namna gani. Uwe anataka nyoofu, za kawaida, wasomee mbali waende zao. Rieke pia. Kasema kwa herufi zile mtu atadhani ni bango lao lingine. Mie ndiye niliyekataa. Nikasema baba hakuwaandikia wao. Kama wamezitumia kusema "kwenu kule" kwa watu, na mie nitazitumia kusema hamuingii kwao. Nilisema vizuri sana, sijui ilitoka wapi. Rieke kanitazama.

Kaipanga mchana kutwa. Karatasi nane zimeunganishwa, karibu urefu wangu. Anasogeza herufi upana wa unywele, anarudi nyuma, anakunja jicho moja, anasogeza tena. Nikamwambia, mwanangu, ni ya siku moja. Kasema hata hivyo.

Ni nzuri. Ni nzuri mno, na naiogopa. Kesho asubuhi tunaibandika.


Jumamosi, 18 Novemba

Saa nne asubuhi. Imebandikwa. Watu wanapita, wanapunguza mwendo, wanaangalia, wanaenda. Mzee Hempel wa viatu kavua kofia. Kwangu au kwa bango, sijui. Mama wa posta kavuka upande wa pili wa barabara.

Saa sita. Uwe kapika bata wote. Kasema wataharibika. Nyumba nzima inanukia sherehe. Nani kasikia! Naogopa huku nasikia njaa.

Saa nane. Jutta kapiga simu. Kasema angekuja kukaa nasi ila ana mteja wa rangi. Jumamosi saa nane, rangi. Nikasema sawa shoga.

Rieke begi lake lipo chini ya ngazi. Koti kavaa. Hajaenda.

Saa tisa na nusu. Magari. Moja, tatu, saba. Basi dogo. Wanashuka bila haraka, wanafunga milango polepole, kama watu wa mazishi. Fulana nyeusi juu ya masweta. Ninaona migongo. Ninaona k za baba, nyingi, hazihesabiki.

Nimefunga kufuli zote mbili. Nimeshusha pazia ila nimeacha upenyo. Uwe yuko jikoni, kazima majiko. Gari la polisi halijapita.

Naandika hapa kaunta, kando ya mlango, nimesimama, kwa sababu nikikaa sitainuka.

Wamekuja mbele ya mlango. Wamesimama. Mikono nyuma, wote. Kimya. Torsten yupo, pembeni kwenye mti, na lile koti lake la zimamoto. Hayuko nao, hayuko kwetu. Falk simwoni bado, labda gari lake ndilo lile linalotafuta pa kuegesha.

Wanaangalia tangazo. Dakika nzima. Nasubiri jiwe, kelele, kitu.

Hakuna.

Mmoja kasogea, kakunja shingo. Mwingine kamwegemea. Mrefu mmoja, wa mbele, anafuata mstari kwa kidole, midomo inacheza, anarudi mwanzo. Wananong'ona. Mmoja kacheka, kapigwa kiwiko.

Mungu wangu. Hawawezi kusoma herufi za kale.

Wanazivaa mgongoni na hawawezi kuzisoma! Fulana wanajua imeandikwa nini kwa sababu waliambiwa. Hili hawajaambiwa. Wanadhani ni bango la kuwakaribisha, wamefurahi, mmoja analipiga picha, mwingine kasimama mbele yake apigwe nalo, kidole gumba juu.

Na mie nilifurahi! Naandika ukweli. Nilifikiri: basi, imesemwa, imeandikwa, majina yapo, na hakuna aliyeisikia. Labda watangoja, wapate baridi, waende. Pengine jana, chini kabisa ya yale maneno mazuri niliyosema, hiki ndicho nilichokuwa nakitaka. Kusema bila kusikika.

Nimegeuka. Rieke kakaa ngazi ya chini, mikono kakalia. Keshaelewa. Kaniangalia tu.

Wanagonga. Kwa adabu, mara tatu. Ni yule mrefu. Nimesogeza pazia, nimefungua kile kidirisha kidogo cha mlango cha kuulizia wageni. Ana macho ya bluu, ana mafua. Kaniamkia vizuri. Kasema mama samahani, tumefika mapema kidogo, harufu ni nzuri sana, na hapa nje mmetuandikia nini? Nyuma yake wote wamenyamaza wasikie. Torsten katoka kwenye mti, kapiga hatua moja. Torsten anajua kuzisoma. Kashaisoma. Ananitikisia kichwa, pole pole: usiseme.

Mie, ambaye sijawahi kukosa neno, tangu kuzaliwa! Nimesema ngoja nichukue miwani.

Miwani iko kichwani.

Uwe katoka jikoni, kasimama karibu yangu, mikono inanukia mafuta ya bata. Rieke kasimama. Kidirisha kiko wazi, baridi inaingia, karatasi hii inapepea. Yule mrefu kainama, uso wake umejaa dirisha zima, anatabasamu, anaongea taratibu kama unavyomwambia bibi yako:

"Tusomee basi, mama."